Kupiga panda: hatua moja, kete mbili mashakani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni baba wa watoto wawili, niko Dodoma. Nimejifunza sataranji ukubwani kwa sababu binti yangu wa darasa la tano ameanza kuicheza shuleni. Sheria nazijua zote. Kinachonishinda ni ile hatua ya kushambulia kete mbili kwa mpigo. Binti ananila ngome karibu kila siku kwa farasi wake na sijui hata anatokea wapi. Nami nikijaribu naumbuka. Juzi niliruka na farasi hadi f7, nikawatishia malkia na ngome pamoja, nikashangilia, kumbe mfalme wake anamla farasi bure. Nianzie wapi? Au umri umeshanitupa mkono?

Jibu: Marahaba, mzazi mwenzangu. Umri haujakutupa popote. Aliyechelewa ni yule anayeliwa kete asijue kwamba ameliwa. Wewe umeona, umeumia, ukaja kuuliza. Na huyo binti mpe pole yangu mapema.

Kwanza tuelewane majina, maana kila kijiwe kina yake. Hatua moja inayotishia kete mbili au zaidi kwa pamoja wengi huiita foku. Darasani kwangu naiita panda, kama panda ya manati, mti mmoja wenye matawi mawili, au kama njia panda. Watoto huishika haraka kwa ile methali ya fisi aliyeshindwa na njia mbili: kanusa nyama huku, kanusa nyama kule, akataka kwenda kote, akapasuka msamba. Ukimpiga mtu panda anakuwa fisi huyo. Ana zamu moja tu na mizigo miwili ya kuokoa. Majina mengine: kitunda ni yule askari mdogo wa mbele, ngome ndiyo ile kete ya pembeni inayokwenda moja kwa moja, na nikisema cheki namaanisha mfalme ametishiwa. Herufi na nambari kama f7 ni jina la mraba: herufi ni safu, a hadi h kutoka kushoto kwa Mweupe, na nambari ni mstari, 1 hadi 8 kutoka upande wake.

Sasa kosa lako, ambalo si lako peke yako. Watu wengi wakitaka kupiga panda humkodolea macho farasi wao na kujiuliza, "Huyu anaweza kuruka wapi?" Farasi aliye katikati ya ubao ana miraba minane ya kurukia. Wakiwa wawili ni kumi na sita, na kila mraba una maswali yake. Kichwa kinachoka kabla hujafika popote, mwishowe unachagua ule unaoonekana mkali. Ndivyo ulivyofika f7.

Anzia upande wa pili. Tazama walengwa. Panda huwa ipo ubaoni kabla hujaicheza, imelala kwenye kete za mpinzani zilizokaa vibaya. Wewe kazi yako ni kutafuta mraba wa kuiamshia. Na kete zilizokaa vibaya ni za namna tatu. Kuna mfalme anayeweza kupewa cheki, kwa sababu cheki haina mjadala, hujibiwa hapo hapo. Kuna ile ninayoiita kete yatima, isiyolindwa na mwenzake yeyote: hata ikiwa ni farasi tu, ukiigusa umeitishia kweli, maana ukiila huliwi. Halafu kuna kete yenye thamani kubwa kuliko hiyo inayoishambulia.

Hesabu ya kawaida unaijua: kitunda 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Farasi akimtishia malkia hajali kama malkia analindwa na jeshi zima. Atamla, naye ataliwa, na faida ya 6 imebaki mfukoni. Lakini farasi huyo huyo akimtishia askofu aliyelindwa, hajatishia kitu. Hapo ni kubadilishana tu, mia kwa mia. Nimeona wanafunzi wakipiga "panda" ya askofu mmoja aliyelindwa na farasi mmoja aliyelindwa, wakasubiri mavuno. Hakuna mavuno hapo.

Kwa hiyo kabla ya kila hatua yako pitisha macho kwenye kete za mpinzani na uhesabu yatima. Ukiwakuta wawili, au yatima mmoja na mfalme aliye wazi, usicheze haraka. Pana kitu hapo.

Turudi f7. Mwanzoni mwa mchezo huo ndio mraba dhaifu kuliko yote upande wa Mweusi, kwa kuwa unalindwa na mfalme peke yake. Farasi wa Mweupe akisimama pale anamgusa malkia aliye d8 na ngome iliyo h8. Walengwa wako, basi, walikuwa sahihi kabisa, na jicho lako ni zuri kuliko unavyodhani. Ulichokosa ni mahali pa kusimama. Panda inataka walengwa wawili pamoja na mraba ambao ukiukalia huliwi.

Panga ubao uone tofauti. Mweupe anasukuma kitunda e4, Mweusi e5. Farasi wa Mweupe f3, farasi wa Mweusi c6. Askofu wa Mweupe anatoka hadi c4, farasi wa pili wa Mweusi anakuja f6. Sasa farasi wa Mweupe anaruka g5. Tazama f7: farasi wa g5 anautazama, na askofu wa c4 anautazama kwa mshazari. Tuseme Mweusi anasukuma kitunda h6 ili kumfukuza farasi. Farasi hakimbii, anakula f7. Ni panda ile ile yako, malkia na ngome, ila safari hii mfalme hawezi kunyoosha mkono, kwa sababu askofu amekaa kule c4 analinda. Malkia atakimbia, ngome italiwa. Nahisi siku ile wewe uliruka na askofu wako bado yuko f1, hajaamka.

Mweusi anayejua hajibu h6. Anasukuma kitunda d5, kinaziba njia ya askofu, na f7 haukaliki tena. Mweupe atakila kitunda hicho kwa kitunda chake cha e4, na hapa Mweusi asikimbilie kukirudisha kwa farasi wa f6. Akifanya hivyo, Mweupe ana mchezo mkali wa kumtoa farasi sadaka: anakula f7, mfalme anamla, halafu malkia anatoka hadi f3. Cheki, na wakati huo huo malkia anamgusa yule farasi aliyesimama d5. Panda nyingine. Ili kumwokoa farasi wake, mfalme wa Mweusi inabidi apande e6, katikati ya uwanja, akalinde mwenyewe kama mgambo. Wapo wanaopona baada ya hapo, lakini mimi sijawahi kufurahia kukaa upande ule. Ndiyo maana wengi huamua kumpeleka farasi wa c6 hadi a5 amsumbue askofu, na kitunda kile wanakiacha kiende.

Sasa farasi mwenyewe, maana ndiye anayekuliza.

Farasi anaogopwa kwa sababu anagusa bila kuguswa. Askofu akimtishia malkia kwa mshazari, malkia naye anamtazama askofu kwa mshazari ule ule. Ngome ni hivyo hivyo. Farasi hana wa kumrudishia isipokuwa farasi mwenzake. Malkia mwenye nguvu zote anagutuka ametishiwa na kete ya thamani ya 3 na hawezi kuila. Na mruko huu ni wa kale sana. Sataranji iliyochezwa na Waarabu na Waajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ile iliyotupa hili neno tunalolitumia, ilikuwa na mshauri mahali alipo malkia leo, na alisogea mraba mmoja tu kwa mshazari. Nguvu za malkia zilikuja Ulaya mwishoni mwa karne ya 15. Farasi hajabadilishwa. Panda anayokupiga binti yako ingetambulika Baghdad ya enzi hizo.

Lakini farasi ana udhaifu mmoja, na huu nakuomba uushike kuliko lolote lingine katika barua hii. Kila anaporuka hubadili rangi ya mraba. Akisimama kwenye mraba mweupe anagusa miraba myeusi tu. Akisimama kwenye mweusi anagusa myeupe tu. Maana yake, kete mbili zilizo kwenye rangi tofauti haziwezi kupigwa panda na farasi mmoja. Kamwe. Mfalme wako akiwa kwenye mraba mweupe na malkia wako kwenye mweusi, hakuna mraba wowote ambao farasi atawagusa wote wawili. Wakiwa rangi moja, amka.

Chukua ubao mtupu. Weka mfalme wa Mweusi g8 na malkia wake d5. Yote miwili ni miraba myeupe. Tafuta farasi wa Mweupe asimame wapi ili awaguse wote wawili. Usiendelee kusoma, tafuta kwanza.

Ni miwili: e7 na f6. Sasa msogeze mfalme hatua moja tu, hadi h8. Huo ni mraba mweusi. Tafuta tena, hata ukikesha hutaupata. Hatua hiyo moja ya mfalme kujibanza kona, ambayo wanaoanza huiona ni kupoteza muda, mara nyingi ni mtu mzima anayefunga mlango kabla ya mvua.

Kuna na kichekesho kidogo ndani yake. Mrudishe mfalme g8, na malkia mpeleke e6. Rangi moja, wako karibu, kati yao kwenye mshazari kuna mraba mmoja tu wa f7. Unaona kabisa kwamba farasi atawamaliza. Hawezi. Kete mbili zilizo mshazari mmoja zikiachana kwa mraba mmoja katikati haziwezi kuguswa na farasi mmoja, popote ubaoni. Jaribu mwenyewe uridhike. Nikiwa na farasi wa adui karibu na sijui pa kumweka malkia, mara nyingi nachagua umbali huo.

Siri ya rangi inageuzwa pia kuwa shambulio, na mfano mtamu kuliko yote ninaoujua ulichezwa Moscow mwaka 1966, mchezo wa kumi wa pambano la ubingwa wa dunia. Tigran Petrosian, bingwa mtetezi, alikuwa na nyeupe dhidi ya Boris Spassky. Mwishoni hali ilikuwa hivi: mfalme wa Spassky g8, ngome yake f7, malkia wake g5. Petrosian ana farasi d6 na malkia kule mbali b2, kwenye ule mshazari mrefu unaoishia h8. Farasi anaweza kula ngome f7, lakini angalia rangi: f7 ni mweupe, kwa hiyo akiwa pale anagusa myeusi. Malkia wa g5 yuko kwenye mweusi, safi. Mfalme wa g8 yuko kwenye mweupe, hagusiki, na farasi akila tu ataliwa na mfalme huyo huyo. Basi Petrosian akampeleka malkia wake hadi h8, cheki, amle bure. Mfalme hana njia nyingine, lazima amle, na kwa kumla amehamia mraba mweusi. Ndipo farasi anakula ngome f7: cheki kwa mfalme wa h8, na malkia wa g5 kashikwa. Malkia mmoja ametolewa, umerudi malkia na ngome nzima juu yake. Spassky hakusubiri kuonyeshwa. Aliona malkia amefika h8 akakubali kushindwa.

Watu huuita mchezo ule uchawi. Mimi nauona ni mtu aliyetazama walengwa kwanza, akaona mmoja amekaa rangi isiyofaa, akalipa gharama ya kumhamisha. Na wewe ukikuta panda iliyobakiza kidogo tu itimie, usiiache. Jiulize kama kuna cheki au sadaka ya kumsogeza huyo mmoja hatua moja.

Nimekaa sana kwa farasi kwa sababu ndiye uliyemlalamikia. Lakini kwenye michezo ya wanaoanza, malkia hupiga panda nyingi kuliko farasi, na huko ndiko kwenye chakula cha haraka kwako. Anagusa pande nane, kwa hiyo cheki yoyote ya malkia inaweza kuwa inagusa na kitu kingine pembeni. Ila kwa kuwa yeye ni wa 9, walengwa wake huwa ni mfalme na yatima tu. Kete iliyolindwa haimhusu.

Mfano mfupi kabisa: Mweupe e4, Mweusi e5. Mweupe anamtoa malkia mapema hadi h5, jambo ambalo mwalimu yeyote atakukanya. Mweusi kwa hasira anasukuma kitunda g6 kumfukuza. Malkia anakula kitunda cha e5: cheki kwa mfalme wa e8, na kwa mshazari anaitazama ngome ya h8, kwa sababu kile kitunda cha g kilichoondoka ndicho kilichokuwa kimeziba njia. Hatua tatu, ngome imekwenda. Mweusi alitakiwa kumleta farasi c6 alinde e5, basi. Sikushauri ucheze hivyo na nyeupe. Nakuonyesha ili siku binti akikutolea malkia hatua ya pili usishike kitunda cha g.

Na huu ni wa upande wa Mweusi. Mweupe e4, Mweusi c5. Mweupe d4, Mweusi anakila. Mweupe anatoa farasi f3, akitaka kukirudisha kitunda chake polepole. Mweusi anasukuma e5, kitunda kinaonekana kimeachwa bila mlinzi. Farasi wa Mweupe anakila e5. Tamaa. Malkia wa Mweusi anateleza kutoka d8 hadi a5: cheki kwa mshazari mpaka e1, kwa kuwa kitunda cha d2 kimeshaondoka, na kwa mstari ule wa tano anamtazama farasi wa e5. Farasi yule ni yatima. Kila mara kitunda cha d kinapotoka na mfalme bado yuko nyumbani, mshazari kutoka a5 hadi e1, au kutoka a4 hadi e8 kwa upande wa pili, unakuwa barabara. Wachezaji wazoefu hutupia jicho barabara hiyo hata wakiwa usingizini.

Vitunda navyo visidharauliwe. Kwa kuwa thamani yake ni 1, kitunda hakihitaji yatima. Chochote kikigusacho, kisipokuwa kitunda mwenzake, ni kikubwa kuliko chenyewe, ilimradi kisiliwe bure. Rudi kwenye ule mwanzo wa kwanza: e4, e5, farasi f3 na c6, askofu c4, farasi f6. Safari hii Mweupe anamleta farasi wa pili c3. Mweusi anaweza kufanya kitu kinachoonekana ni wazimu: farasi wake wa f6 anakula kitunda cha e4. Farasi wa Mweupe anamla. Mweusi anasukuma kitunda d5, na hapo tazama, askofu wa c4 na farasi wa e4 wote wameguswa na kitunda kimoja. Mmoja atakimbia, mwingine ataliwa. Kwa hesabu wametoka sare, lakini Mweusi amepata nafasi katikati ya ubao kwa bei rahisi. Nikiwafundisha waliotoka kwenye drafti hatua hii huwakaa haraka, kwa sababu kule wamezoea kutoa kete moja ili wapate zaidi. Kinachowapa shida ni kwamba kwenye sataranji mpinzani hana lazima ya kula. Kila ukitoa sadaka, uliza na swali hilo: asipoila, je?

Askofu na ngome hupiga panda pia, na mfalme mwenyewe mwishoni mwa mchezo, ubao ukiwa mtupu, akijipenyeza kati ya vitunda viwili yatima hula walau kimoja. Kanuni ni zile zile, sitazirudia.

Upande wa kujikinga sasa. Ukipigwa panda usikimbilie kuokoa kilicho kikubwa. Vuta pumzi. Tazama kwanza kama kete iliyokupiga inaweza kuliwa, kama mfalme wa binti alivyokula farasi wako. Kama hailiki, tazama kama unaweza kuiondoa kete moja kwa cheki, maana ukimpa mwenzio cheki lazima ajibu, na zamu inayofuata unaokoa ya pili. Au iondoe moja uiweke mahali inapoilinda nyingine, kama anayekushambulia ni malkia au ngome. Vyote vikishindikana, kete inayokufa isife peke yake: ile itakayoliwa, kabla haijaliwa, imeze chochote inachoweza kufikia, hata kitunda.

Na wewe unayepiga usisherehekee mapema. Hili nalisema kwa makovu. Miaka kadhaa nyuma, kwenye mashindano hapa Dar es Salaam, nilimwingiza farasi wangu c7, cheki kwa mfalme wa e8, na ngome ya a8 imeguswa. Hiyo labda ndiyo panda inayojulikana kuliko zote. Nikainuka kwenda kutafuta chai. Niliporudi mfalme amesogea d8, nami nikaila ngome. Sasa mtazame farasi aliye a8: ana milango miwili tu, b6 na c7. Kitunda cha a7 kinalinda b6, mfalme wa d8 analinda c7. Farasi wangu amefungiwa jela aliyoingia kwa miguu yake. Mpinzani wala hakuhangaika kumla. Malkia wake alikuwa ameshatoka, akamwongezea farasi na askofu, wakamvamia mfalme wangu huku farasi wangu akichungulia kutoka kona. Kwa hesabu nilikuwa mbele. Mchezo niliupoteza, na chai nayo ilikuwa imepoa. Tangu hapo, kabla ya kula ngome ya kona najiuliza farasi atatokea wapi, na nikitumia hatua mbili kule kona, mwenzangu atafanya nini na hatua zake mbili.

Mazoezi. Kama una simu yenye intaneti, Lichess, tovuti ya sataranji, ni ya bure, haina matangazo, na ina mafumbo yaliyopangwa kwa mada. Mada ya foku ipo. Fanya kumi kwa siku, si mia. Sharti moja: usiguse kete mpaka umeona walengwa wote wawili, mraba, na jibu la mpinzani. Ukikosea, usibonyeze linalofuata upesi; kaa hapo utafute ni mlengwa gani hukumwona. Baada ya wiki mbili hivi hamia mafumbo ya mchanganyiko, kwa sababu fumbo la mada limeshakunong'oneza kwamba panda ipo. Mchezoni hakuna wa kukugusa bega.

Jioni mkicheza na binti, wekeaneni kanuni hii kwa michezo michache: kabla ya kusogeza kete, kila mmoja ataje kwa sauti kete yatima za mwenzake. Mtacheka, mtachelewa kula, lakini baada ya siku chache macho yatakuwa yanazihesabu yenyewe. Usiogope kumfundisha na yeye. Anacheza shuleni, atakutana na wakali kuliko wewe.

Imebaki ngome yako inayoliwa kila siku. Sijauona ubao wenu, lakini ukiwa na nyeupe nitakisia inaliwa a1. Farasi wake anatoka c6, anafika b4 au d4, zamu inayofuata yuko c2: cheki kwa mfalme wa e1 na ngome ya a1 imeguswa. Mraba wa c2 mwanzoni hulindwa na malkia wa d1 peke yake. Mfalme wako haufikii. Ukimtoa malkia kwenda kutembea, umeacha mlango wazi. Mhamishe mfalme mapema kwa ile hatua anayoicheza pamoja na ngome, au sukuma kitunda c3 ambacho kinamnyima farasi b4 na d4 kwa pamoja. Na kama umeshachelewa, ukimwona tu farasi wake ametua kwenye mmoja wa miraba ile miwili, acha mpango wako wote uliokuwa nao kichwani uitazame c2.